Bori la Bibi Tatu

Enzi zetu pale Temeke, sauti ya kwanza kusikika nyumbani asubuhi ilikuwa ya kiko cha bibi. Gorororo, kimya kidogo, gorororo tena. Tukiwa bado tumejifunika shuka gubigubi tulijua mambo mawili: bibi ameamka salama, na aliyekojoa kitandani hana tena muda wa kugeuza godoro. Mliokulia uswahilini miaka ile najua mnatabasamu, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mzee wake mwenye kiko, na kila kiko kilikuwa na sauti yake. Cha jirani yetu wa kushoto kilikuwa kinakwaruza kama mtu mwenye mafua. Cha bibi kilikuwa kinacheka, tena kicheko cha tumboni, na mpaka leo nikisikia maji yanachemka kwenye sufuria huwa nageuka kumtafuta.

Bibi Tatu alikuwa mama yake baba. Mzaramo wa kuzaliwa, mfupi, mweusi tii, kanga moja kifuani na nyingine begani hata siku ya jua kali, na maneno hayamkauki mdomoni. Nyumba yetu ilikuwa ile ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko, choo na mpapai mmoja ambao kila mpangaji aliuita wake siku ukizaa. Wazazi walilala chumba cha mbele. Mimi na kaka yangu Shomari tulilala kwa bibi, tukivuta moshi wake pamoja naye bila mtu yeyote kuona kuna tatizo. Nani angeliona? Hata mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anatufundisha kutoa na kujumlisha huku sigara inamning'inia mdomoni.

Shuleni tulikwenda na ufagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, na ole wako ukifika na kidumu kitupu kwa sababu uliyanywa njiani. Tukirudi ni ugali wa unga wa njano na mchicha, na ukilalamika unaambiwa uende ukale kwenu, kama vile pale si kwenu. Jioni ni mchezo wa kombolela mpaka mama zetu waanze kuita majina kwa zamu, na mama mmoja akishaita, akina mama wote wanaitikia. Jumamosi tulitumwa machinjioni Vingunguti kufuata utumbo, kwa miguu kwenda na kurudi, ndoo kichwani na nzi wakitusindikiza hadi mlangoni. Leo nikimtuma mjukuu wangu chumvi kwenye duka lililo ng'ambo ya geti, ananiuliza kama nina bando ili amwagize mtu wa bodaboda.

Ngoja basi niwaeleze kiko kilivyokuwa, maana wapo vijana wanaodhani moshi wa kupita kwenye maji ulianza na wao. Tumbo la kiko ni kifuu cha nazi, kizima, kimetobolewa na kutolewa nyama yote, kisha kikasuguliwa mpaka kinang'aa. Ndani yake maji, nusu tu. Juu ya kifuu linasimama digali, yaani kijiti kinene chenye uwazi katikati, na mguu wake umezama majini. Kichwani kwa digali linakaa bori, kikombe kidogo cha udongo wa kuchoma, ndimo inamowekwa tumbaku na juu yake kaa la moto. Ubavuni mwa kifuu kuna tundu la pili, na hapo ndipo inapotokea shilamu, utete mrefu wa kuvutia. Shilamu haigusi maji. Hapo ndipo penye ufundi wote. Ukivuta, unaondoa hewa iliyo juu ya maji, na ile nafasi inataka kujazwa, basi moshi wa kule kwenye bori unalazimika kushuka na digali, kuzama, na kuibuka kwa mapovu kabla ya kukufikia. Yale mapovu ndiyo yanayolia, na wazee wetu waliyaita malio ya kiko.

Kazi ya Shomari ilikuwa kuleta kaa la moto kutoka jikoni kwa koleo, akitembea kwa mbwembwe kama amebeba mahari. Yangu ilikuwa kubadilisha maji. Maji ya jana yalitoka na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na harufu yake ilikaa vidoleni mpaka nifike darasani. Sikuyamwaga hovyo. Mama aliyataka kwa mchicha wake wa uani, maana ukiyanyunyizia wadudu wote wanahama, na mchicha wetu ulikuwa unasifiwa mtaa mzima kwa majani yake yasiyo na tundu. Hakuna aliyejiuliza, kama maji yale yanamfukuza mdudu wa mchicha, kifua cha bibi yanakifanya nini. Bibi mwenyewe alikuwa na jibu lake tayari.

"Maji yanachuja," alikuwa anasema. "Uchafu wote unabaki humo, mie napata utamu tu."

Sisi tulimwamini kiasi kwamba tuliamua kutengeneza kiko chetu. Kikonyo cha jani la papai kina uwazi tangu mwanzo hadi mwisho, Mungu amekitoboa tayari. Tukaokota kifuu, tukakitoboa kwa msumari wa moto, tukapachika vikonyo viwili na kuziba kwa udongo, na bori tukalifinyanga wenyewe, limepinda kama sikio. Badala ya tumbaku tuliweka majani makavu ya papai. Na kwa kuwa tulitaka kiwe kiko cha kweli, tulikijaza yale maji ya jana. Shomari akasema yeye ni mwanamume, ataanza. Tatizo ni kwamba alikuwa amevisukuma vikonyo vyote viwili mpaka chini. Akavuta kwa nguvu zake zote, mashavu yameingia ndani, na badala ya moshi akapata funda zima la maji. Alilitema, lakini si lote. Bibi alimkuta ameukumbatia mpapai, macho yamemtoka, akacheka mpaka kanga ya begani ikaanguka.

"Utete unaogusa maji si wa kuvuta, ni wa kunywa," akamwambia. "Umekunywa. Karibu tena."

Shomari ni mzee sasa, ana wajukuu, na hajawahi kugusa sigara maisha yake yote.

Sasa niwatambulishe kwa Mzee Maganga, kwa sababu bila yeye habari hii isingekuwapo. Alikuwa Mnyamwezi, muuza mkaa, nyumba ya nne kutoka kwetu, mrefu na mkavu, amevaa koti masika na kiangazi. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya miguu, Wanyamwezi wakibeba mizigo kutoka bara hadi pwani. Na utani wa siku zile haukuwa wa kutumiana vikatuni kwenye simu. Mtani alikuwa na haki ya kukutania mbele ya mkweo, kuingia jikoni kwako akafunua sufuria, na kuondoka na kitu chako unamwona, na huruhusiwi kununa. Kitu alichokichukua mtani hukinyang'anyi, wala hununui kingine cha kuziba pengo, maana ukinunua umekubali kwamba amekuweza. Unakikomboa, kwa sharti analolitaja yeye, hadharani.

Kila siku baada ya alasiri alipita kwenye baraza letu akielekea kwake.

"We Mzaramo, umeamka au bado unaota ngoma?"

"Nimeamka zamani, nakungoja. Leo umebeba mzigo wa nani kichwani?"

Sisi tunampa shikamoo, anaitikia marahaba bila kututazama, kisha anachutama, anaichomoa shilamu mdomoni mwa bibi, anavuta mikupuo miwili, anairudisha na kusema tumbaku ya Kizaramo ina ladha ya mkeka. Idi moja alilibeba sinia zima la pilau, na bibi akalikomboa kwa kucheza ngoma ya Kinyamwezi pale uani, vibaya kwa makusudi. Naye bibi aliwahi kuzificha kandambili zake, mzee wa watu akatembea pekupeku hadi alipokubali kumtekea maji kutoka bombani na kuileta ndoo kichwani, kama mwanamke, mtaa mzima umejipanga kumwangalia. Tulikuwa tunawasubiri wale wawili kama watu wanavyosubiri tamthilia siku hizi, ila sisi hatukuhitaji umeme.

Kisha kikohozi kikaingia. Mwanzoni kilikuwa kidogo, cha asubuhi tu, bibi anakohoa, anavuta, kinatulia. Baadaye kikawa kinamkunja, anashika ukuta, na jasho linamtoka. Baba akampeleka hospitali, nami nikaenda kumshikia mkoba. Daktari alikuwa kijana mpole. Akamsikiliza kifua muda mrefu, akauliza anavuta nini, bibi akaeleza kwa fahari kwamba yeye havuti sigara za kihuni, anavuta kiko cha maji, na maji yanachuja.

"Bibi yangu," akasema yule daktari, "maji yanapoza moshi. Hayauoshi. Kifua chako kimechoka. Ukiendelea na kiko, hatutakuwa na wewe muda mrefu."

Tulipofika nyumbani bibi akaketi kwenye mkeka, akaniambia nimletee kiko. "Kitoto cha jana," akasema, "kinanifundisha mie kiko."

Wakaanza kumwomba aache. Baba aliomba, akaambiwa yeye alinyonya maziwa ya mvuta kiko na mbona amekua. Shangazi alikuja kutoka Mwananyamala na kulia machozi, akapewa leso. Mwalimu wa madrasa alizungumza naye kwa hekima, bibi akamsikiliza kwa adabu zote, na mwalimu alipofika kona ya nyumba akasikia gorororo nyuma yake. Baba akaificha tumbaku. Kufika alasiri bibi alikuwa nayo nyingine, imefungwa kwenye pindo la kanga. Mama ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu yeye ni mkwe, na mkwe hana mdomo wa kumkataza mama mkwe jambo lolote.

Mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa namwaga maji ya kahawia kwenye mchicha na kumwona mdudu anatoroka, kisha najaza maji mapya na kumpelekea. Nilikuwa nakichukia kile kiko, na papo hapo nilikuwa nahofia asubuhi nitakayoamka nisikisikie. Nilimwambia Shomari, naye akasema tukivunje. Lakini kuvunja kitu cha bibi, miaka ile, hata shetani asingethubutu kutushauri.

Mama alikwenda kununua mkaa. Niliongozana naye, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Hakumwomba Mzee Maganga kitu chochote. Alimsalimia, akasimulia tu yale daktari aliyosema, huku anaangalia mkaa unavyomiminwa kwenye gunia. Mzee Maganga alimaliza kumimina, akafunga gunia kwa kamba, akaliweka begani mwake alipeleke mwenyewe.

Kesho yake alasiri alikuja kama kawaida. Bibi alikuwa barazani na wanawake wa mtaa wanasuka ukili wa mikeka, kaa limewaka vizuri, kiko kinalia. Mzee Maganga hakuuliza habari za ngoma. Alichutama, badala ya kuichukua shilamu akainyoosha mikono yake ya mkaa, isiyoogopa moto, akaling'oa bori kutoka kichwani mwa digali. Akalikung'uta mchangani, kaa na tumbaku vyote vikaanguka, akalipuliza, akalitia mfukoni mwa koti.

"Bori limetekwa," akatangaza. "Kiko nakuachia, ulie na maji yako."

Bibi alicheka. "Haya, sema, Mnyamwezi mwenye njaa. Unataka kuku? Jogoo yule pale, mfukuze mwenyewe."

"Sitaki kuku. Nataka usimame hapa hapa, mbele ya hawa mabibi, useme kwa sauti: Wanyamwezi ni mabwana zetu. Siku utakayosema, bori lako unalipata, na tumbaku juu."

Wanawake walipiga vigelegele na kugongana mabega. Mmoja alianguka chali kwa kucheka. Bibi akasimama, akafunga kanga kiunoni, akamnyooshea kidole.

"Mie niseme hivyo? Labda nife!"

"Hiyo ya kufa ndiyo mie sitaki," akasema Mzee Maganga.

Yeye hakuwa anacheka. Akageuka akaenda zake, mkono umeshika mfuko wa koti, na bibi akabaki amesimama akimtazama mpaka alipoingia kwake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu nyumbani. Bibi alinuna, akamgombeza kuku, akamgombeza mpangaji kwa kupiga chafya. Mtu angeweza kusema si anunue bori jingine, ni udongo tu, yamejaa sokoni. Lakini angeliweka wapi? Baraza letu lilitazamwa na mtaa mzima, na kila aliyepita alikuwa anamuuliza, "Bibi Tatu, umeshakomboa?" Akionekana na bori jipya, habari ingefika kwa Wanyamwezi wote wa Temeke kabla ya magharibi. Kiburi cha bibi yangu kilikuwa kikubwa kuliko hamu yake, na Mzee Maganga alilijua hilo kuliko sisi tuliomzunguka.

Asubuhi moja nikaamka nikasikia gorororo. Nikanusa, sikusikia moshi. Nikafunua shuka, nikamwona bibi amekaa kitandani na kiko chake mapajani, digali halina kitu kichwani, anavuta hewa tupu inapita kwenye maji safi. Macho ameyafumba.

"Lala," akaniambia. "Mie nasikiliza tu."

Tangu siku hiyo kiko kikawa kinalia kila asubuhi na kila alasiri, bila moto na bila tumbaku. Mzee Maganga akipita anamwambia, "Mzaramo anakula upepo," naye anamjibu, "Upepo wetu mtamu kuliko ugali wenu." Mara moja tu alitaka kushindwa. Ilikuwa siku ya mvua, hamu imemkamata, akanishika mkono tukaenda mpaka kwa Mzee Maganga. Tukasimama mlangoni penye vumbi la mkaa.

"Maganga."

"Naam, Mzaramo."

Bibi alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, nami nikawa naomba dua zote nilizofundishwa madrasa, hata ya kuingilia chooni.

"Nimekuja kukusalimia tu," akasema.

"Nimeshukuru. Wasalimie nyumbani."

Tulirudi tumelowa chapachapa, na njiani akaanza kucheka peke yake, mimi nikacheka bila kujua kwa nini, na tulipofika mama akatuona, akatusogezea taulo bila kuuliza.

Polepole masizi ya ndani ya kifuu yakaisha, na maji niliyokuwa nayamwaga yakaanza kubadilika, kutoka chai ya rangi nzito hadi nyepesi, halafu njano, halafu maji. Siku moja bibi aliomba ayaone. Akayamimina kwenye bakuli jeupe, akayatazama, akakumbuka yale ya zamani, akasema taratibu, "Kumbe." Kikohozi kilipungua mpaka tukakisahau. Mchicha wa mama ukarudiwa na wadudu, majani yakawa na matundu kama chekeche, na mama hakulalamika hata siku moja.

Bibi Tatu aliishi. Alinitazama namaliza shule, akacheza kwenye harusi yangu, akamlea mwanangu wa kwanza akimwimbia na kumlizia kiko cha hewa ili alale. Alipofariki alikuwa mzee sana, usingizini, kifua kimetulia. Siku ya mazishi nyumba ilijaa, na kama ilivyo ada ya watani msibani, wakati jeneza linanyanyuliwa tukasikia kelele mlangoni. Mzee Maganga, kiuno kimepinda, fimbo mkononi, amejifunga kanga ya bibi kifuani na nyingine begani, ameketi kizingitini ameziba njia. Akaanza kumwigiza. Alikuwa anavuta shilamu ya hewani, anakohoa, anamgombeza kuku, anamgombeza mpangaji aliyepiga chafya. Watu walicheka huku wanalia, hata wale waliobeba jeneza mabega yalikuwa yanatikisika.

Mjomba, kaka yake mama, akamuuliza anataka nini ili apishe njia. Mzee Maganga akaingiza mkono mfukoni mwa lile lile koti, akalitoa bori. Miaka yote hiyo alikuwa nalo. Akasimama kwa shida, akaligeukia jeneza.

"Tatu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "umenishinda. Wazaramo ni mabwana zetu."

Kisha akalia kama mtoto, mbele ya watu wote. Akaliweka bori mkononi mwa mama yangu, akasogea pembeni, na jeneza likapita.

Sasa mimi naishi Boko, nyumba yenye geti na ukuta, na juu ya ukuta kuna vipande vya chupa. Jirani yangu wa kushoto namjua kwa gari lake tu. Akikohoa simsikii, na nikikohoa hanisikii. Mjukuu wangu Rama, mtoto wa yule mwanangu aliyelala kwa malio ya kiko, yuko chuo na anakaa kwangu. Ni kijana mzuri, shikamoo haimpigi chenga, ila suruali yake imechanika magotini na ameinunua hivyo.

Jumapili moja nilikuwa jikoni nakaanga samaki nikasikia gorororo. Mwiko uliniponyoka. Nilitoka mbio, na umri huu, magoti haya, nikitegemea sijui nini. Nikawakuta Rama na rafiki zake kibarazani wamezunguka chombo cha kioo kirefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, kina taa za rangi tumboni, mpira mrefu unazunguka kutoka mkono hadi mkono, na moshi unanukia jojo ya kutafuna.

"Shikamoo bibi," wakasema kwa pamoja, na Rama akaongeza haraka, "Bibi, hii haina noma. Ni shisha tu. Moshi unapita kwenye maji, unachujwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakadhani nimeugua, mmoja akakimbilia maji. Nilipopata pumzi niliwaonyesha kimoja kimoja: hiki kioo ni kifuu, hili bomba la kati ni digali, huu mpira ni shilamu, na ndiyo maana hamjaufikisha kwenye maji, mngekunywa kama kaka yangu. Nikawapa na habari ya mchicha. Wakatoa simu wanarekodi. "Kumbe bibi wa kitambo!" akasema binti mmoja mwenye kucha ndefu. Niliwaambia kwamba dawa ya wadudu ikinukia jojo haibadiliki kuwa jojo. Wakacheka, na Rama akachukua mpira avute tena, kisha akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha juu juu. Nakijua kile kikohozi.

Hapo nikaangalia kule kichwani mwa chombo. Pamoja na vioo vyote na taa zote, tumbaku ilikuwa imewekwa kwenye kikombe cha udongo wa kuchoma. Bori, lile lile. Na bibi na mjukuu, jamani, ni watani, hilo bado halijafutwa na mtu. Nikalishika kwa pindo la kanga, nikaling'oa, nikalikung'uta kwenye maua yangu, makaa na jojo vikaanguka.

"Bori limetekwa," nikasema.

"Ah, bibi! Nirudishie bana. Unataka nini, nikuoshee vyombo?"

"Sitaki vyombo. Simama hapa, mbele ya wenzako, useme kwa sauti: enzi za bibi zilikuwa bora kuliko zetu."

Walipiga mayowe. Yule binti akagaagaa kwenye kochi. Rama akajishika kichwa.

"Bibi, hiyo mie siisemi. Bora nife!"

"Hiyo ya kufa ndiyo mie sitaki," nikamwambia, na mimi sikuwa nacheka.

Alinitazama, akawatazama wenzake, akaushusha mpira taratibu.

Najua anaweza kununua jingine. Huko anakokwenda na wenzake sina macho, na simu yake ina maduka yote ya mjini ndani yake. Hata hivyo chombo chake cha kioo kiko stoo, na bori lake liko kwenye kabati langu la vyombo, ubavuni mwa bori la Bibi Tatu nililoachiwa na mama, kubwa na dogo, yote ya udongo. Sisi tulikuwa na mtaa mzima wa kutuzuia tusife. Hawa wetu wana ukuta wenye vipande vya chupa na mtu mmoja mmoja kama mimi.

Juzi alipita sebuleni, akasimama mbele ya kabati. Akaangalia ndani. Akafungua mdomo. Mimi nikaacha kumenya vitunguu.

"Nimekuja kukusalimia tu, bibi," akasema.

"Marahaba, mume wangu."

Enzi zetu zilikuwa bora, hilo nalijua na wenzangu mnalijua. Lakini kila nikimaliza kuswali namwomba Mungu yule mtoto asikubali kulitamka, hata siku ya mwisho wangu, hata jeneza langu likingojwa mlangoni, amzidishie kiburi.